Santuri Iliyodhaniwa Haijakamilika

Mwezi wa Mei mwaka wa 1975 kampuni ya Columbia, mojawapo ya kampuni kubwa za santuri nchini Marekani, ilipeleka madukani kazi ya mwimbaji wa Texas aitwaye Willie Nelson, ambayo baadhi ya wakuu wa kampuni hiyo hiyo, walipoketi kuisikiliza kwa mara ya kwanza, waliidhania kuwa ni rasimu tu, ya kuonyesha jinsi nyimbo zitakavyokuwa zitakapokwisha kutiwa ala zake zote. Hamkuwa na fidla zilizopangwa safu safu, wala kundi la waitikiaji, wala yale madoido ambayo yalikuwa kama sharti la muziki wa kantri wa zama zile. Mlikuwa na sauti ya mtu mmoja, gita lake, kinanda cha dada yake, wenzake wachache waliopiga kwa staha, na kimya kingi baina yao. Santuri hiyo iliitwa Red Headed Stranger, kwa jina la mgeni mwenye nywele nyekundu ambaye kisa chake kinasimuliwa ndani yake mwanzo hadi mwisho. Nimependa kueleza jinsi ilivyopatikana, kwa kuwa naamini kwamba kile walichokiona wakuu wale kuwa ni upungufu ndicho kilichoitimiza, na kwamba hakuna mwimbaji anayethubutu kuziacha ala nyingi nje ya mlango wa studio ila aliyekwisha kujifunza, kwa miaka mingi na kwa hasara nyingi, ni kitu gani katika wimbo kisichoweza kuachwa.

Willie Nelson alizaliwa mwezi wa Aprili mwaka wa 1933 katika kijiji cha Abbott, katikati ya jimbo la Texas, wakati dhiki ya uchumi ilipokuwa imeibana kila nyumba ya mkulima. Wazazi wake waliachana yeye akiwa mchanga, kila mmoja akashika njia yake, na ulezi wa mtoto huyo na wa dada yake Bobbie, aliyemzidi umri kwa miaka miwili, ukawaangukia babu na bibi yao, Alfred na Nancy Nelson. Babu alikuwa mhunzi, naye ndiye aliyempa mjukuu gita lake la kwanza alipotimiza miaka sita, wala hakuishi sana baada ya hiba hiyo. Bibi aliujua muziki wa kanisani na akiufundisha, na alipobaki mjane alikwenda kuchuma pamba katika mashamba ya watu pamoja na wajukuu wake ili riziki ya nyumba ipatikane. Bobbie alishika kinanda, Willie akaketi ubavuni pake na gita, wakapiga nyimbo za ibada usiku baada ya usiku. Na atakayesikiliza santuri ya mwaka wa 1975 kwa makini atawasikia watoto wale wawili, ingawa wakati huo walikwisha kupita miaka arubaini, wakiendelea na mazungumzo yao yale yale.

Baada ya kulitumikia jeshi la anga kwa muda mfupi, akarudishwa nyumbani kwa maradhi ya mgongo, kijana huyo alifanya kazi za kila namna, na katika miaka ya hamsini akawa mtangazaji wa redio katika mji wa Fort Worth. Kipindi chake kilikuwa na fungu la watoto kwenye saa saba ya mchana, saa ambayo akina mama huwalaza wadogo, na mojawapo ya nyimbo alizozipiga sana ilikuwa ni kisa kilichoimbwa na Arthur Smith mwaka wa 1954, kilichotungwa na watu wawili wa mji wa Richmond katika jimbo la Virginia, Edith Lindeman, mwandishi wa magazeti, na Carl Stutz, mtangazaji wa redio. Wimbo huo ulimhusu mpanda farasi mwenye nywele nyekundu aingiaye mjini na majonzi makubwa, akiwa juu ya farasi mweusi mkali na kumvuta nyuma yake farasi mwingine mdogo, aliyekuwa wa mkewe marehemu. Mwanamke mmoja akamtamani farasi yule, akamshika, naye akapigwa risasi akafa. Ni ajabu kuwa kisa kikali namna hii kilitumika kuwabembelezea watoto, lakini ndivyo ilivyokuwa, na Willie aliwaimbia watoto wake mwenyewe walipokuwa wakilala, mwaka baada ya mwaka, hata wimbo ukawa ni mali ya nyumba yake.

Wakati huo alikuwa akitunga nyimbo nyingi na kula kidogo. Akiwa Houston aliuza wimbo wake uitwao Family Bible kwa dola 50, na mwingine, Night Life, kwa dola 150, zikauzwa mbali na jina lake. Wa kwanza ukampa sifa mwimbaji Claude Gray mwaka wa 1960, na wa pili ukaja kuwa miongoni mwa nyimbo mashuhuri za Ray Price. Watu wengi humhurumia kwa biashara hiyo. Mimi naona kuwa ilimfunza jambo ambalo mtunzi hulijua kwa kulipoteza, yaani thamani ya kuwa na neno la mwisho juu ya kazi yake. Mwaka wa 1960 alikwenda Nashville, makao makuu ya muziki wa kantri, ambako mtunzi mwenziwe Hank Cochran alizisikia nyimbo zake akamtafutia kazi katika kampuni ya kuchapisha nyimbo, kwa ujira wa dola 50 kila juma. Mwaka uliofuata Faron Young aliimba Hello Walls na Patsy Cline akaimba Crazy, zote mbili za Willie, na redio za nchi nzima zikavuma maneno ya mtu ambaye sauti yake hazikuitaka.

Sauti hiyo haikuwa mbaya. Ilikuwa haikubali kufuata njia. Willie huimba nyuma kidogo ya mapigo, halafu akayawahi mbele, kisha akayangojea, kama mtu anayekwenda na sahibu yake kwa hatua zake mwenyewe, akijua kuwa watafika mlangoni pamoja. Wapiga ala wa studio, waliozoea kumaliza nyimbo tatu au nne kwa kikao kimoja, walitaabika naye. Tena kampuni ya RCA, iliyomchukua tangu katikati ya miaka ya sitini, ilikuwa chini ya Chet Atkins, mpiga gita hodari ambaye ndiye mmoja wa waasisi wa ule mtindo laini wa Nashville, wenye fidla tele na waitikiaji wanaoteleza nyuma ya mwimbaji. Wasomaji wetu waliokulia karibu na redio, hasa katika Kenya, wanaujua mtindo huo vema bila ya kuelezwa, kwani ndio uliombeba Jim Reeves, ambaye sauti yake nene na tulivu iliingia katika nyumba za Afrika Mashariki na kukaa humo hata baada ya yeye mwenyewe kufa kwa ajali ya ndege mwaka wa 1964. Atkins huyo huyo alimtengenezea Reeves santuri zake. Mavazi yaliyomfaa mmoja hayakumfaa mwingine: Reeves alihitaji mawimbi mororo ya kuelea juu yake, ilhali Willie, akizungukwa na mawimbi hayo, alisikika kama mtu anayezungumza peke yake katika ukumbi wa karamu. Santuri zikatoka moja baada ya nyingine, na hazikununuliwa.

Kisha Krismasi moja ilipokaribia, nyumba yake ya Ridgetop, nje kidogo ya Nashville, ilishika moto. Akakimbilia ndani akaokoa gita lake, na vingi vilivyobaki vikaungua. Akarudi Texas. Huenda alikusudia kukaa kwa muda tu hata nyumba ijengwe upya, lakini kule alikutana na jambo asilolitazamia. Katika mji wa Austin kulikuwa na ukumbi uitwao Armadillo World Headquarters, ambao hapo kwanza ulikuwa ghala la wanajeshi, na humo vijana wenye nywele ndefu, wapenzi wa muziki wa roki, walikuwa wakikusanyika pamoja na wafanyakazi wa mashambani wenye kofia pana, watu ambao kwa desturi ya nchi ile hawakuwa wakisalimiana. Willie aliimba humo mwezi wa Agosti mwaka wa 1972, na wote wawili, mwenye nywele ndefu na mwenye kofia, wakamsikiliza. Akaacha suti na tai, akaacha kunyoa ndevu, akaanza kuimba nyimbo zake kama alivyoziwaza. Mwaka wa 1973 alirekodi Shotgun Willie kwa kampuni ya Atlantic ya New York, na mwaka wa 1974 akatoa Phases and Stages, kisa cha talaka kilichosimuliwa upande mmoja wa santuri na mke na upande wa pili na mume. Hazikuleta mali kubwa, na mwaka huo wa 1974 Atlantic iliifunga idara yake ya kantri kule Nashville. Lakini zilimwonyesha kuwa santuri nzima inaweza kusimulia kisa kimoja.

Hapo ndipo meneja wake, Neil Reshen, mtu wa New York asiyeogopa kugombana na mtu yeyote, alipompatia mkataba na Columbia wenye sharti moja lililokuwa geni katika biashara ya kantri. Kwa kawaida kampuni ndiyo iliyochagua nyimbo, studio, wapiga ala na mtayarishaji, na mwimbaji akaja siku aliyoitwa akatia sauti yake. Katika mkataba huu mwimbaji ndiye mwenye idhini ya mwisho. Atakachokabidhi ndicho kitakachotolewa. Sina shaka kuwa waliotia saini upande wa kampuni hawakudhani kuwa sharti hilo litapimwa mapema na kwa ukali namna ile.

Baada ya kupata mkataba, Willie hakuwa na santuri kichwani. Walikuwa wakitoka milima ya Colorado kurudi Austin kwa motokaa, yeye na mkewe Connie, safari ndefu ya usiku, naye akawa anafikiri kwa sauti juu ya kazi ya kwanza atakayoipa kampuni yake mpya. Connie akamkumbusha wimbo ule wa mgeni mwenye nywele nyekundu aliowalazia watoto. Kwa fikira zangu, shauri hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyotendeka katika historia hii, kwa sababu wimbo wa Lindeman na Stutz una pengo ndani yake ambalo mtu huweza kulisikia maisha yake yote asiliulize: unatwambia kuwa mke amekufa, na kuwa mumewe amechafukwa na roho, lakini hautwambii amekufaje. Willie akauliza. Akaanza kutunga yaliyotangulia, akayaweka katika kinasa sauti, akachagua nyimbo za watu wengine alizozijua tangu ujana zipate kuendeleza yaliyofuata, na walipofika nyumbani kisa kilikuwa kimesimama.

Ni kisa cha muhubiri wa nchi za magharibi mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya ishirini, ampendaye mkewe kupita kiasi. Mke anamwacha na kumfuata bwana aliyempenda zamani. Muhubiri hataki kusadiki. Kisha anasadiki, anaingia wazimu, anawafuatia, anawakuta katika baa ya mji mmoja wa Montana na kuwaua wote wawili. Jibu la lile pengo ndilo hilo: farasi anayevutwa nyuma ni wa mke aliyeuawa na mvutaji mwenyewe. Msikilizaji aliyelelewa juu ya tenzi hatapotea katika mpango wake, maana kuna wimbo mfupi, Time of the Preacher, unaofungua habari na kurejea mara mbili zaidi kwa vipande, ukitushika mkono kila kisa kinapovuka kutoka hali moja hadi nyingine, na beti ni chache, na maelezo ni machache zaidi; mtunzi anataja tendo, anapita.

Na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo ulipo ustadi wenyewe. Mara tu baada ya mauaji, pahali ambapo mtunzi mwingine angeweka ngurumo, Willie ameweka Blue Eyes Crying in the Rain, wimbo wa kuagana uliotungwa na Fred Rose katika miaka ya arubaini na kuimbwa zamani na Roy Acuff. Fred Rose ndiye aliyeanzisha pamoja na Acuff kampuni maarufu ya kuchapisha nyimbo kule Nashville, na ndiye aliyekuwa mlezi wa Hank Williams. Alikufa mwaka wa 1954 asijue makao ambayo wimbo wake ungekuja kuyapata. Ukiusikia peke yake redioni ni maombolezo matamu ya mtu aliyeachana na mpenzi wake akitumaini kukutana naye katika maisha yajayo. Ukiusikia mahali pake katika santuri, anayelia ni muuaji, na anayeliliwa ni aliyeuawa kwa mkono wake. Gita linapigwa taratibu chini ya sauti, hakuna anayeharakisha, wala mwimbaji hapandishi sauti kutuelekeza tuhuzunike au tulaani. Najua nyimbo nyingi zinazoeleza majuto. Sijui nyingine inayoyaweka mbele ya msikilizaji bila ya kuyataja.

Walakini insafu yataka niseme pia kuwa kisa hiki kina mahali ambapo moyo wangu unakataa kukifuata. Yule mwanamke wa pili anayepigwa risasi kwa kumgusa farasi anapita kama kitu kisicho na uzito, na wimbo wa asili unamwondolea muuaji hatia kwa hoja ya wizi wa mnyama. Ndiyo desturi ya hadithi za nchi ile, nami nafahamu kuwa Willie aliupokea wimbo kama alivyoukuta. Hata hivyo, mtu aliyeuliza swali lililopasa kuulizwa juu ya mke wa kwanza angeweza kuuliza na juu ya huyu. Upande wa pili wa santuri unamchukua mgeni hadi Denver, akacheza dansi na mwanamke asiyemjua, na taratibu, kupitia wimbo wa Hank Cochran na nyimbo nyingine, akarejea katika ubinadamu, hata mwisho tunamkuta ametulia pamoja na mpenzi mpya na mtoto, katika wimbo wa Bill Callery uitwao Hands on the Wheel.

Mwezi wa Januari mwaka wa 1975 aliwachukua wenzake hadi Garland, mji ulio karibu na Dallas, katika studio mpya iitwayo Autumn Sound, ambako fundi mitambo alikuwa Phil York. Studio ilikuwa na mashine ya kisasa ya njia 24, na wao wakazitumia chache. Bobbie alikuwa kwenye kinanda. Paul English, sahibu wa Willie wa miaka mingi, kwenye ngoma. Bee Spears kwenye besi. Mickey Raphael, kijana wa Dallas, kwenye kinanda cha mdomo. Jody Payne na Bucky Meadows kwenye magita. Hao ndio waliokuwa wakisafiri naye kutoka ukumbi hadi ukumbi, wala si wapiga ala wa kukodiwa kwa saa, nao walimjua mkuu wao kiasi cha kutambua ni lini anataka kusindikizwa na ni lini anataka kuachwa peke yake. Kuna nyakati ambapo ngoma haisikiki kabisa. Kuna nyakati ambapo kinanda cha mdomo kinaingia kwa sauti moja ndefu, kikatoka. Wimbo wa zamani wa dansi uitwao Down Yonder umeachiwa vidole vya Bobbie, na wimbo wa kanisani Just as I Am, ambao bibi yao angeutambua mara moja, umepigwa bila ya maneno, na pia ile waltz ya Juventino Rosas wa Mexico iliyokuwa ikichezwa tangu karne ya kumi na tisa. Yasimuliwa kuwa fundi York alipojaribu kuzing'arisha sauti kwa vyombo vyake, kama kila fundi mwema afanyavyo, Willie alimwomba aziondoe nakshi hizo na kuziacha sauti zilivyokuwa chumbani. Kazi yote ilikwisha kwa siku chache, na gharama inayotajwa mara nyingi ni kiasi cha dola 4,000 tu.

Gita lenyewe lastahili maelezo. Ni la kampuni ya Martin, namba N-20, lenye nyuzi za naironi, alilolinunua mwaka wa 1969 kwa dola 750 kutoka kwa fundi Shot Jackson wa Nashville bila ya kuliona kwanza, baada ya gita lake la awali kuvunjika. Jackson akakihamisha ndani yake kile chombo cha kunasia sauti kilichokuwa katika gita lililovunjika. Willie aliliita Trigger, jina la farasi wa mwigizaji Roy Rogers. Magita ya namna hiyo hutengenezwa ili yapigwe kwa vidole vitupu, kwa hiyo hayawekewi bamba la kukinga ubao. Lakini yeye hulipiga kwa kipande kigumu cha kuchapia nyuzi, na kwa jinsi alivyolichapa miaka nenda miaka rudi, ubao ukalika chini ya tundu lake la asili hata likatoboka tundu la pili, lenye kingo zilizochakaa na majina ya marafiki yaliyochorwa pembeni. Sauti yake ni kavu, yenye mkwaruzo kidogo mwanzoni mwa kila noti, kisha inayeyuka upesi. Katika santuri hii, ambamo hakuna kitu cha kulifunika, husikika karibu kama sauti ya pili ya mwimbaji.

Utepe ulipofika New York na Nashville, watu walishangaa kwa dhati. Bruce Lundvall, mmoja wa wakuu wa Columbia, aliupenda kwa namna fulani lakini akaona kuwa kazi haijakwisha, akatoa rai ya kuupeleka kwa Billy Sherrill auongezee fidla. Sherrill, aliyekuwa akiongoza kazi za kampuni kule Nashville, yasemekana aliuliza kama jamaa huyu alirekodi barazani kwake. Si haki kumdhihaki Sherrill kwa hilo. Alikuwa bingwa wa ufundi wake: yeye ndiye aliyemtengenezea Tammy Wynette wimbo wa Stand by Your Man, na Charlie Rich wimbo wa Behind Closed Doors, na masikio yake yalimwambia, kwa uzoefu wa kweli, kuwa wanunuzi wa kantri wanataka chumba kilichojazwa samani. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa ni la elimu iliyomfaa siku zote ikakutana na jambo ambalo haikulipima.

Waylon Jennings, mwimbaji mwenzake wa Texas, ambaye Reshen alikuwa meneja wake pia, alikuwapo wakati utepe ulipochezwa mbele ya Lundvall, na aliposikia rai ya kuuongezea ala alikasirika vikali, akamwambia kwa maneno yasiyoandikika kwamba huo ndio muziki wa Willie ulivyo, na kwamba atakayeugusa atauharibu. Nyuma ya hasira ya Waylon kulikuwa na ule mkataba, ambao haukuwa na hasira wala haukuhitaji kupaza sauti. Columbia ikaitoa santuri kama ilivyokabidhiwa, kwa matumaini madogo.

Mwezi wa Julai Blue Eyes Crying in the Rain ukatolewa kama wimbo wa peke yake. Watangazaji wa redio walioupiga kati ya nyimbo nyingine za siku zile waliwaletea wasikilizaji jambo la ghafla: chumba kizima cha fidla kinanyamaza, na mtu mmoja anabaki anaimba. Mwezi wa Oktoba ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za kantri, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Willie Nelson, aliyekwisha kutimiza miaka 42, kufika hapo kwa sauti yake mwenyewe. Ukavuka mpaka na kufika nafasi ya 21 katika orodha ya nyimbo za watu wote, na mwaka uliofuata ukampa tuzo ya Grammy. Santuri nzima nayo ikapanda hadi nafasi ya kwanza katika kantri, ikapata cheti cha dhahabu mwezi wa Machi mwaka wa 1976, na baada ya miaka kumi ikathibitishwa kuwa imepita nakala milioni mbili.

Mambo yaliyofuata yalikwenda mbio. Mapema mwaka wa 1976 kampuni ya RCA, ambayo ilikuwa na rekodi za zamani za Willie katika ghala zake, ilizikusanya pamoja na za Waylon Jennings, Jessi Colter na Tompall Glaser katika santuri iliyoitwa Wanted! The Outlaws, nayo ikawa santuri ya kwanza ya kantri kupewa cheti cha platini. Mwaka wa 1986 kisa cha muhubiri kikafanywa filamu, iliyoongozwa na Bill Wittliff, Willie mwenyewe akiwa ndiye mgeni, na kijiji cha kizamani kilichojengwa kwa ajili ya filamu hiyo kikabaki katika ardhi yake karibu na Austin. Baadaye Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza santuri hiyo katika daftari lake la rekodi zinazopasa kuhifadhiwa.

Lakini mtu anayetaka kujua kama Columbia ilikuwa imejifunza kitu na atazame yaliyotokea punde tu baada ya ushindi wa Red Headed Stranger. Willie aliwaambia kuwa sasa anataka kuimba nyimbo za mapenzi za zama za bibi yake, zilizotungwa na watu kama Hoagy Carmichael na George Gershwin, akimtumia Booker T. Jones kuwa mtayarishaji. Wakuu walimsihi asifanye hivyo. Walimweleza kuwa wapenzi wa kantri hawazijui nyimbo hizo na vijana hawazitaki. Sharti lilikuwa bado limo katika mkataba. Santuri hiyo, Stardust, ilitoka mwezi wa Aprili mwaka wa 1978, ikakaa katika orodha ya kantri kwa takriban miaka kumi.